Diski Iliyobaki Nyumbani

Jumatatu, 2 Machi

Mawingu yamekaa juu ya paa tangu asubuhi bila kusema neno. Mdogo wangu amepata kazi. Hospitali inajenga wodi mpya ya wazazi, na msimamizi wa ujenzi huo anataka ukuta wa ujia wake upambwe kwa picha za wakunga wastaafu, wale waliozalisha kwa mwanga wa kandili kabla umeme haujafika. Wengi wanaishi katika miji midogo iliyo mbali na barabara kuu, kwa hiyo tutasafiri msimu wote wa mvua. Mdogo wangu atapiga picha. Mimi nitaandika maelezo ya chini ya kila picha, kwa kuwa nilihariri vitabu vya shule maisha yangu yote na msimamizi anaogopa makosa kwenye ukuta wa hospitali. Ana haki ya kuogopa.

Mdogo wangu tunamwita Mboni tangu utotoni, kwa ajili ya macho yake. Mimi ofisini waliniita Wino Mwekundu, wakidhani sijui.

Kompyuta ya Mboni ni nzito kama jiwe la kusagia. Tangu alipopasuliwa bega hawezi kubeba kamera zake pamoja na jiwe hilo, na bila kompyuta hawezi kusafisha picha njiani. Nikamwambia tununue nyingine, na kwamba nitaibeba mimi.

"Basi mbebaji ndiye mchaguzi," alisema.

Nayaandika maneno hayo ili siku akilalamika nimwonyeshe.

Jumatano, 4 Machi

Duka la kompyuta liko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Muuzaji ni msichana mwenye miwani, anayezungumza kama mtu anayekimbizwa.

"Karibuni mama zangu. Mnataka ya kazi gani?"

"Ya kusafishia picha," Mboni akasema. "Tuko njiani kila siku, na umeme wenyewe wa kubahatisha."

Alituwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa nene kidogo, yenye nafasi kubwa ya kuhifadhia na tundu la kadi ya kamera ubavuni. Ya pili ilikuwa nyembamba kama daftari la mtoto wa shule. Hiyo haikuwa na tundu la kadi, ilihitaji kiunganishi, na nafasi yake ilikuwa robo tu ya mwenzake. Betri zao zilikaribiana. Msichana alidai zote mbili hukaa na chaji kutwa.

Mboni alikuja na picha yake moja ya mtihani: mzee mweusi, amevaa koti jeusi, amesimama mlangoni pasipo na taa. Aliifungua katika kila kompyuta, akainamisha kichwa huku na huku kama kuku anayetazama punje.

"Kioo kinachodanganya hudanganya kwenye weusi," alinieleza. "Nikiyaona makunjo ya koti, kioo ni kizuri. Yasipoonekana, uso wa mtu nitaupaka rangi ya uongo bila kujua." Makunjo yalionekana katika zote mbili. "Kioo sina ugomvi nacho, Dada. Ugomvi wangu ni nafasi. Picha zangu si kama zile za simu. Hii nyembamba itajaa kabla hatujafika nusu ya safari."

Mtihani wangu ulikuwa wa namna nyingine. Niliitia kila moja katika mkoba wangu, nikashuka ngazi za duka na kuzipanda tena. Nilipokuwa na ile nene, nilisimama katikati ya ngazi, nikatazama tangazo lililobandikwa ukutani.

"Ulikuwa unasoma nini pale muda wote ule?" Mboni aliuliza nilipofika juu.

"Tangazo."

"Linasemaje?"

"Usiteme mate."

"Maneno mawili hayo, Dada. Yamekutoa jasho?"

Msichana alijifanya anafuta kaunta. Nikasema tutachukua ile nyepesi, na kwamba nafanya hivyo kwa ajili ya bega la Mboni, kwa sababu siku nikiugua atalazimika kuibeba yeye.

"Mkichukua hii, tembeeni na diski ya pembeni," msichana alisema. "Kila jioni hamishieni picha humo, kompyuta ipumue."

Mboni anayo diski ya namna hiyo nyumbani. Alinitazama kidogo, kisha akacheka. "Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dada yangu kaamua na wake uwe usufi kweli kweli."

Humu hakuna anayenisahihisha, kwa hiyo nitaandika yaliyo kweli. Sikulifikiria bega lake. Niliyafikiria magoti yangu, na ule uso wake alipokuwa akiningoja juu ya ngazi.

Jumapili, 8 Machi

Kesho tunaondoka. Nimefunga mizigo.

Diski ya Mboni ni ya kizamani, nene kama tofali, na ina waya wake wa umeme wenye kichwa kizito. Nilipoitia mkobani pamoja na kompyuta, nguo na kamusi yangu, mkoba ulinivuta upande mmoja. Kamusi siwezi kuiacha, nimeizoea tangu nilipoanza kazi. Nikaitoa diski, nikaukunja waya wake vizuri, nikaiweka katika mtoto wa meza ya marehemu baba. Akiba haiozi, nikajiambia. Basi na ikae.

Mboni aliuliza kutoka uani, "Diski umeitia?"

"Kila kitu kimo," nilijibu.

Nitamweleza njiani.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Gari la hospitali lilikwama kwenye tope, tukashuka tukalisukuma, dereva akitusifu kwa sauti kutoka ndani. Sikumweleza.

Alhamisi, 12 Machi

Mkunga wa kwanza katika orodha yetu ni shangazi yetu mwenyewe, dada yake baba, ambaye ndiye aliyetuzalisha sote wawili. Anaishi na mjukuu wake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya zahanati aliyoifanyia kazi.

"Wino Mwekundu!" alipaza sauti kabla sijavua viatu. "Umekuja kunisahihisha?"

"Shikamoo, Shangazi. Nani amekwambia jina hilo?"

"Marahaba. Mimi nilikuona kabla hujapewa jina lolote. Ulitoka umekunja uso kama karani aliyecheleweshwa mshahara. Huyu mdogo wako akatoka kayatumbua macho, nikasema, hee, huyu anatukagua."

Alikuwa amepiga pasi sare yake nyeupe tangu jana. Mboni alimketisha dirishani. Mbele ya kamera Shangazi hubadilika. Hunyooka, hufumba mdomo, hutazama mbele kama anayeapa kortini. Picha zake zote nilizopata kuziona ni hivyo. Hizi za leo zilikuwa safi kabisa, sare haina hata kunjo.

Kisha upepo wa mvua ukaingia kwa nguvu, ukaubeba mwavuli mweupe ambao Mboni hutawanyia mwanga, ukautupa juu ya ndoo. Shangazi akacheka mpaka kiti kikalia. Mboni aliendelea kubonyeza kamera hata hapo pasipo na faida.

Tulipoaga, Mboni alikuwa akipiga mluzi. "Nimepata nilichokijia," alisema. Nami nilikubali. Ile ya sare dirishani ni picha bora.

Nilitaka kumweleza kuhusu diski tukiwa garini, lakini alikuwa na furaha mno.

Jumapili, 15 Machi

Mkunga wa pili, mkunga wa tatu. Mvua. Kompyuta ni nyepesi kwelikweli, hata naisahau begani.

Alhamisi, 19 Machi

Leo kompyuta imegoma. Mboni alipomaliza kuhamisha picha za asubuhi, ilitoa maandishi kwamba nafasi imekwisha. Kadi zake mbili za kamera huzifuta kila siku ili zitumike kesho yake, kwa hiyo picha zote zimo ndani ya kompyuta tu.

"Zihamishie kwenye diski, Dada," alisema akivaa koti la mvua. "Mimi naenda na dereva kumwona yule mkunga wa ng'ambo ya mto kabla daraja halijafunikwa. Nikirudi nataka nafasi."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache: diski nimeiacha nyumbani. Alikuwa mlangoni, mkono kwenye kitasa. Nikasema, "Haya, mdogo wangu."

Katika mji huu duka kubwa kuliko yote linauza misumari na chumvi. Nilikaa kitandani katika chumba cha wageni, kompyuta mapajani, nikawaza. Kisha nikaona kwamba jambo hili ninalijua. Kitabu kikizidi kurasa, mhariri hukata. Hakati ovyo. Hukata kilichorudiwa, kisha kilichokosewa, na kinachobaki huwa bora kuliko kilichokuwapo.

Nilianza na zilizofanana. Nikaja kwa waliofumba macho. Nikamalizia na zenye ukungu. Ile ya Shangazi akicheka niliifungua ikajaa kioo kizima. Uso umetikisika, mkono umeziba mdomo, na mwavuli umeingia pembeni. Makosa matatu katika picha moja. Sijui kwa nini nilikaa nayo kuliko nyingine. Hatimaye niliifuta, na zote nilizozifuta nikazimwaga kutoka pipa la taka, kwa sababu zikibaki pipani bado zinakula nafasi.

Mboni alirudi ameloa chepechepe.

"Umehamisha?"

"Nafasi ipo."

"Mungu akuweke, Dada. Bila wewe ningefanyaje?"

Nikamkabidhi taulo.

Ijumaa, 20 Machi

Nimeamka kabla ya jua. Najiambia kwamba nilichofanya ni kazi yangu ya kila siku. Lakini zamani mwandishi alikuwa akiletewa kurasa zangu, anaona nilichokata, na anaweza kubisha.

Jumanne, 24 Machi

Kompyuta imejaa tena. Nimefuta tena. Mara hii nilichelewa kuliko mara ya kwanza, na nilifunga mlango kwa komeo. Mtu anayefanya haki hafungi komeo.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua. Mboni ananisifu kwa wakunga: "Huyu dada yangu ndiye anayenihifadhia." Mkunga mmoja akanishika mkono kwa heshima.

Alhamisi, 2 Aprili

Shangazi amefariki.

Mjukuu wake alipiga simu asubuhi tukiwa tunangoja mvua ipungue. Shangazi alishikwa na homa ya mapafu juzi, na jana jioni akaaga dunia. Mboni alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, tunakuja, kisha akaketi kwenye kizingiti, miguu nje, mvua ikimpiga magotini. Nikaketi karibu naye. Tulilia kila mmoja kwa namna yake. Yeye hulia kwa sauti.

Alipotulia aliniambia, "Nitafutie ile anayocheka."

"Ipi?"

"Ya mwavuli. Sikukwambia, nilikuwa namwekea siri. Nilitaka kuichapisha nimpelekee mwenyewe kabla haijapanda ukutani." Alijifuta pua kwa kiganja. "Unajua kwa nini hakuwahi kucheka mbele ya kamera? Alipokuwa msichana mpiga picha mmoja alimgombeza, akamwambia mtu anayeheshimika hafungui mdomo. Akatii mpaka uzee. Siku ile upepo ulimsahaulisha. Nimesubiri picha ile tangu niliponunua kamera yangu ya kwanza, Dada."

Nikasema betri imekwisha.

Kompyuta ilikuwa imejaa chaji. Ilikuwa mezani, ndani, nyuma ya mgongo wetu, na nilijua kwamba akigeuza kichwa ataiona taa yake ya kijani. Hakugeuza. Ameniamini tangu alipojifunza kutembea kwa kushika vidole vyangu.

Ijumaa, 3 Aprili

Barabara imekatika. Tumelala katika kituo cha mafuta, ndani ya gari, pamoja na dereva na mwanamke mmoja mwenye kuku. Familia inaomba picha ya kuweka kando ya jeneza.

"Watumie ile ya mwavuli," Mboni alisema. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Iko kwenye diski, si ndiyo?"

"Diski inataka umeme wa ukutani," nilisema. "Hapa hakuna. Niwatumie ya sare?"

Alifikiri, akaitikia kwa kichwa. Nikaituma ya sare, niliyokuwa nayo simuni kwa ajili ya maelezo. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli: diski ile inataka umeme wa ukutani, na hapa umeme hakuna. Sikujua kwamba mtu anaweza kusema uongo mkubwa hivi kwa maneno ya kweli matupu.

Jumapili, 5 Aprili

Tumemzika kati ya mvua mbili.

Picha ya sare ilisimamishwa juu ya meza, kubwa, safi, imenyooka. Watu walipita mbele yake na kuinamisha vichwa. Jirani yake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alisimama hapo akaitazama kwa muda.

"Huyu ndiye yeye kweli?" alimwuliza mjukuu. "Mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta. Kicheko chake ndicho kilichokuwa kikiniamsha. Uso huu sijapata kuuona." Akageuka, macho yake yakanifikia. "Mbona kafanana na huyu dada mkubwa?"

Mboni akamwambia, "Ngoja, mama. Ipo nyingine. Nitakuletea mwenyewe."

Mama yule akamshukuru. Alimshukuru mara nyingi.

Jumanne, 7 Aprili

Tumerudi nyumbani tangu jana. Naandika haya mvua ikiwa imeacha kidogo.

Asubuhi Mboni alisema atachapisha picha ya Shangazi leo. Aliingia kuoga. Niliyasikia maji. Nikaenda kwenye meza ya baba, nikaufungua mtoto wa meza, nikaitoa diski na waya wake uliokunjwa vilevile nilivyoukunja, nikaiweka mezani mahali anapoweka kikombe chake cha chai. Kisha nikaketi. Nilikuwa nimetunga maneno ya kusema tangu makaburini. Alipotoka, kitambaa kichwani, yote yaliniruka.

Aliitazama diski. Alipitisha kidole juu yake, akakiangalia kidole. Kilikuwa na vumbi.

"Ilikuwa wapi?"

"Humo," nilisema nikionyesha.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kufunga mizigo. Mkoba ulikuwa mzito."

"Na kila nilipokuuliza?"

Niliusogeza waya wa diski.

"Dada. Picha ziliingiaje kama nafasi ilikuwa imekwisha?"

"Nilifuta nyingine. Zilizorudiwa. Na zenye makosa."

Alivuta kiti, akaketi polepole kama mtu anayeketi kwenye maji baridi. "Ile ya mwavuli ilikuwa na kosa gani?"

Nikamtajia. Nilijisikia nikimtajia, kwa utaratibu, kama ninavyomtajia mwandishi. Uso umetikisika. Mkono umeziba mdomo. Mwavuli umeingia pembeni.

"Hayo siyo makosa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mwavuli ndio aliokuwa akiucheka. Mkono ni aibu ya mdomo wake. Na uso utaachaje kutikisika, Dada, mtu anacheka?"

Aliuvuta mkoba wangu uliokuwa bado sakafuni, akaitoa kamusi. Akaishika kwa mkono mmoja, diski kwa mkono mwingine, akazipima. Bega lake lilimuuma, nilimwona akikunja uso.

"Ukabeba hii."

"Nikabeba hiyo."

"Ulihitaji neno gani humu?"

Sikuweza kulikumbuka hata moja.

Akanyanyuka. "Tena umenifanya nimwahidi yule mama makaburini." Akaingia chumbani kwake.

Nimewahi kuwaona waandishi wakilia kwa ajili ya kurasa nilizozikata, nikadhani wanadeka.

Jumatano, 8 Aprili

Niliipeleka kompyuta kwa fundi, kisha kwa fundi mwingine. Kilichofutwa kwenye kompyuta ya aina hii hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki, nami niliyamwaga kwa mikono miwili.

Alhamisi, 9 Aprili

Hasemi nami.

Jumamosi, 11 Aprili

Mezani alisema, "Chumvi." Nikampa.

Jumatatu, 13 Aprili

Wamebaki wakunga wanne, na kazi ya watu haingoji ugomvi wa dada na mdogo wake. Kesho tunaondoka tena. Nilidhani atamwomba mtu mwingine afuatane naye. Badala yake aliiweka diski juu ya kitanda changu na kutoka. Nikaifunga mkobani. Kamusi nimeiacha mezani kwa baba.

Jumanne, 14 Aprili

Nyumba ya wageni tuliyofikia ina ngazi ndefu. Katikati nilisimama. Hapakuwa na tangazo lolote la kusoma.

"Nimechoka," nilisema. "Mzigo umenizidi, nami ni mzee."

Mboni alikuwa juu. Alishuka hatua chache, akasimama akaningoja. Hakunitania. Ningependa angenitania.

Jumatano, 22 Aprili

Kila jioni sasa tunazipitia picha pamoja, kisha zinaingia kwenye diski. Yeye huuliza, "Hii?" nami hujibu, "Ibaki." Leo aliuliza hivyo picha baada ya picha, nami nikajibu hivyo picha baada ya picha, hata moja aliyoipiga kwa bahati mbaya, yenye kiatu cha dereva peke yake.

"Hii?"

"Ibaki."

Aliifunga kompyuta kwa kishindo. "Dada, hiki ni kiatu! Mwanzo ulikata kila kitu, sasa unaogopa kila kitu. Mimi sihitaji mtu wa kuogopa. Nahitaji mtu wa kutazama. Tazama kwanza, ndipo useme."

Ni mara ya kwanza kunikaripia tangu tuzaliwe. Nikakitazama kile kiatu. Kilikuwa na tope mpaka kwenye kamba, na kamba mojawapo ilikuwa waya wa umeme.

"Ibaki," nikasema. "Ndicho kilichotufikisha."

Akacheka puani, kicheko kifupi kilichomtoroka.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua zinapungua. Mkunga wa mwisho amepigwa picha akimwadhibu jogoo.

Jumapili, 3 Mei

Msimamizi wa ujenzi alipiga simu. Picha na maelezo yote yamemfikia isipokuwa ya Shangazi. Nilidhani Mboni atampelekea ile ya sare. Nilimsikia akisema, "Yeye fremu yake itakuwa tupu. Itakuwa na maneno peke yake." Msimamizi alibisha kwa muda. Mboni ni mpole, lakini mtu huchoka kabla ya yeye kuchoka.

Alipomaliza alinipa karatasi.

"Andika."

Nikaandika kwa mkono wangu bora: mwaka wa kuzaliwa, chuo alichosomea, zahanati aliyotumikia, siku aliyofariki. Hapakuwa na dosari. Alisoma, akanirudishia.

"Hii ni ya jalada la ofisini. Niandikie kilichokuwa pichani. Mimi niliiona nyuma ya kamera, ndogo kama stempu, mvua inanyesha. Wewe uliifungua ikajaa kioo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeiona, Dada. Ni wewe tu."

"Niliitazama ili niifute."

"Najua," alisema. "Lakini uliitazama."

Jumatano, 6 Mei

Nimefuta na kuandika siku tatu. Leo nimempa. Alisoma akiwa amesimama dirishani, kisha akasoma tena. Alikaa kwenye mstari wa mwisho.

"Msimamizi atataka kuukata huu."

"Mwambie haukatwi."

"Watu watausoma, Dada. Wagonjwa, madaktari, kila mtu. Miaka na miaka."

"Ndiyo."

Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti lake, upande wa bega zima. Nakala yake naiweka hapa.

*Hapa palipaswa kuwa na picha ya mkunga wetu akicheka. Upepo umeuangusha mwavuli juu ya ndoo, na pembe nyeupe ya mwavuli inaonekana kushoto. Ameketi kitini lakini hakai: mgongo umerudi nyuma, sare iliyopigwa pasi imekunjamana kifuani, kifungo kimoja kimefunguka. Mkono wake wa kulia umepanda kuuziba mdomo, umechelewa, na kati ya vidole yanaonekana mapengo yake. Vidole hivyo vimepinda kwa kazi. Uso umetikisika usishikike, isipokuwa jicho moja, ambalo limetulia na linamtazama anayepiga picha kama linavyomtazama mtoto anayetoka sasa hivi, kana kwamba linasema, hee, kumbe ni wewe. Picha hii ilifutwa na mtoto wa kaka yake, ambaye naye alizaliwa mikononi mwake.*